Ua la Asali Kaburini kwa Davis

Mwezi wa nane Masama kuna baridi ya kung'ata. Agness aliamka mapema kama kawaida yake. Aliwasha moto, akabandika chai, kisha akaenda bandani kwa ng'ombe. Alimkatia mgomba, akamkamua, akazoa samadi. Samadi nyingi aliipeleka kwenye migomba. Ndoo moja aliificha nyuma ya banda mpaka alasiri. Ndoo hiyo ilikuwa ya Davis.

Davis alikuwa mume wake, fundi umeme, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita tangu pikipiki yake iteleze kwenye tope la masika. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka miwili tu, na mtoto hawakujaliwa. Davis alizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, nyuma ya nyumba ya mama yake, Mama Mektrida.

Baada ya mazishi Agness alirudisha funguo za chumba walichopanga Njoro, kule mjini Moshi. Akapanda mlimani kuishi na mama mkwe wake. Alikuja na begi la nguo, sufuria tatu, na mmea mmoja kwenye kopo la rangi. Davis alikuwa amepewa mmea huo na mama mmoja ambaye yeye alimfungia taa nyumbani kwake. Ulikuwa mmea wa kutambaa. Maua yake yalitoka meupe, baada ya siku mbili yakawa ya manjano, na jioni yalinukia. Ukilinyonya ua kwenye kitako chake ulionja tone la utamu. Kwa hiyo wao wawili waliliita ua la asali.

Agness aliupanda mmea huo karibu na kichwa cha kaburi. Mahali hapo Mama Mektrida alikuwa ameshapanda masale matatu kwa mkono wake, siku ileile ya mazishi. Kwa Wachagga isale si mmea wa hivi hivi. Majani yake marefu ya kijani ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kihamba, na ndiyo yanayoonyesha kwamba hapa amelala mtu wetu. Mwenye akili zake hapeleki panga kwenye isale la kaburi.

Ua la asali halikujua habari hizo. Lilitafuta cha kushika, likayakuta masale, likapanda. Agness alilimwagia samadi ndoo nzima kila wiki, kama mgomba. Likanenepa, likajifunga, likawa kichaka. Lakini halikutoa ua hata moja. Agness alitamani kulipunguza, ila kila alipoleta kisu mkono wake ulikataa. Angekata vipi pale, penye isale?

Msomaji, usimcheke. Mama Mektrida mwenyewe, mpogoaji wa kahawa tangu usichana wake, naye alikuwa anapaogopa.

Wanawake hawa wawili hawakuwa wagomvi. Walisali rozari pamoja, walikula mtori wa ndizi wa chungu kimoja. Lakini habari za Davis hawakuzigusa. Kila mmoja alilia chumbani kwake, asubuhi wakaulizana kama chumvi ipo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Mektrida alimwona Agness ni kijana, machozi yake yatakauka. Agness alimwona Mama Mektrida ni mzee, amezika wengi, amezoea. Wote wawili walikosea.

Siku moja baada ya chai Mama Mektrida alimwita Agness kaburini. Alinyanyua majani ya ule mmea kwa fimbo yake. Chini kulikuwa na giza. Majani ya isale yalikuwa ya manjano, mengine yameanguka yakaoza.

"Unaona?" aliuliza.

"Naona, Mama."

"Mmea wako unamnyonga mwanangu."

Mama Mektrida akaendelea kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Krismasi Ronald, kaka yake Davis, angekuja na ukoo mzima kujengea kaburi na kulibariki. Wakiyakuta masale yamekufa watauliza ni kazi ya nani. Watasema huyu mwanamke hana mtoto hapa, na sasa ameua hata alama ya mumewe. "Ung'oe," alisema. "Usipoung'oa, wakianza kusema juu yako, mimi sitawazuia."

Maneno hayo yalimchoma Agness mpaka kwenye mifupa. Mmea ule ndio kitu pekee kilichobaki cha nyumba yake na Davis. Na akiondoka kihambani, aende wapi? Kwao Sanya Juu kulikuwa na kaka zake na wake zao, na chumba chake kilishajengwa upya kuwa stoo ya mahindi. Alichukua jembe. Alilinyanyua mara tatu, mara tatu akalishusha. Kisha akakaa chini akalia, safari hii hakujali kama kuna anayemsikia.

Alipomaliza kulia alifanya jambo la busara. Alikata kijiti kimoja cha mmea upande wa mbali na masale. Aliokota jani la isale lililoanguka, akachota na udongo kidogo, akavitia vyote kwenye mfuko. Keshoye alishuka Njoro kwa Hilaria.

Hilaria alikuwa jirani yao wa zamani, mama wa makamo mwenye sauti kubwa. Aliuza miche kando ya barabara, na kabla ya hapo alikuwa ametunza bustani za watu kwa miaka kumi na minane. Alipofungua mfuko hakuuliza habari za laana wala za ukoo. Aliuponda udongo kwa vidole, akaunusa. Aliliangalia jani la isale mbele na nyuma. Akasema hilo jani halina ugonjwa, lina njaa ya mwanga. Halafu akakipima kile kijiti kwa shibiri yake. Fundo moja lilikuwa mbali mno na fundo lingine, na jani lilikuwa pana kama la maboga.

"Huu mmea umeshiba kupita kiasi," alisema. "Usikate chochote kwanza. Jumapili nakuja, nataka kupaona mwenyewe."

Agness alimwomba asije. Mama mkwe angesema anatangaza mambo ya nyumba. Hilaria alimjibu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba hajawahi kufukuzwa na mama wa Kichagga aliyemsalimia vizuri.

Jumapili baada ya misa alifika kweli. Alimwamkia Mama Mektrida shikamoo, akampa mkate na sukari. Alikunywa chai yote aliyopewa ndipo akaomba kupelekwa kaburini. Mama Mektrida alitangulia na fimbo yake.

Hilaria alikizunguka kile kichaka. Alichimba kidogo kwa kijiti penye shina. Udongo ulikuwa mweusi, mlaini, na samadi ilikuwa imelala juu unene wa kiganja.

"Nani anaweka samadi hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Agness.

"Mimi," alisema Mama Mektrida.

Walisema kwa pamoja. Wakageuka wakatazamana.

Mama Mektrida ndiye aliyeanza kueleza, huku akichora chini kwa fimbo. Kila alfajiri kabla ya misa ya asubuhi alibeba samadi kwenye karai. Alikuwa anayalisha masale. Alipoyaona yanazidi kuwa ya manjano, alizidisha. Hakutaka Agness amwone, kwa sababu wakati mwingine alikaa hapo akazungumza na Davis, na mzee akizungumza peke yake watu husema amechanganyikiwa.

"Mimi nilikuja alasiri ukiwa umelala," alisema Agness. "Nami nilikuwa nazungumza naye."

Hapo Mama Mektrida alikaa chini, penye nyasi na udongo, na nguo yake ya kanisani. Agness alikaa pembeni yake. Miaka miwili na zaidi walipishana mahali pamoja, mmoja alfajiri na mmoja alasiri, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayekuja.

Hilaria aliwaacha walie. Alipoona wametulia ndipo alipoanza kazi iliyomleta.

"Mgomba hula samadi bila kushiba," alisema. "Huu sio mgomba. Ukiulisha sana unaota majani tu, maua unayasahau. Unatoshwa na viganja viwili vya samadi iliyooza, mara moja kwa mwaka masika yanapoanza. Tena mbali kidogo na shina."

Mama Mektrida aliuliza kwa nini basi masale yanakufa, ikiwa chakula kipo tele. Hilaria alimwambia ashike jani la juu kabisa la kile kichaka, halafu ashike la chini. La juu lilikuwa na joto la jua. La chini lilikuwa baridi. Akaeleza kwamba mmea wa kutambaa hauna mgongo. Usipoupa cha kuegemea, utaegemea chochote kilicho karibu, iwe isale, iwe mkahawa, iwe mparachichi mchanga. Hauna nia mbaya. Lakini utakiviringishia kamba zake, utakibania maji, na utakizibia jua mpaka kife.

"Kwa hiyo tuung'oe?" aliuliza Mama Mektrida.

"Kahawa yako ikiwa kichaka unaing'oa?"

"Naipogoa."

"Basi na huu unapogolewa. Tena huu hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo hauogopi mkasi. Unakatwa mpaka magotini vuli inapokaribia. Unajengewa mahali pake pa kupanda, hatua moja kutoka kwenye masale. Kila ukimaliza maua unapunguzwa. Matawi makavu yanatolewa. Ila sitawadanganya. Mmekawia. Isale moja naona limeshakufa, na maua ya Krismasi siwaahidi."

Wote watatu walikuwa wanafikiria kitu kilekile. Nani apeleke chuma penye isale la kaburi?

Mama Mektrida aliinuka. Aliingia ndani akarudi na mkasi wake wa kupogolea kahawa, ameuosha kwa sabuni. Alisimama kichwani kwa kaburi. Akamsemesha mwanawe kwa Kichagga, polepole, kama anayemwamsha mtoto aende shule. Alimwambia kwamba hawaji kumwondolea alama yake, wanakuja kumfungulia mwanga. Kisha akampa Agness mkasi.

"Masale niliyapanda mimi, nitayashika mimi," alisema. "Wewe kata chako."

Walifanya kazi mpaka saa tisa. Mama Mektrida aliyakumbatia masale kwa mikono miwili, na Agness alikata kamba moja baada ya nyingine. Hilaria aliwazuia kuvuta kwa nguvu. Alitaka kila kamba ikatwe vipande vifupi, ifunguliwe ilikojiviringisha, ndipo itolewe. Vilivyokatwa vyote walivianika juu ya mawe vikauke, baadaye wavichome. Hilaria alisema kipande kibichi kikitupwa kwenye mfereji au msituni huota mizizi, na mwaka wa pili kimekuwa kero kwa watu wengine.

Tawi moja refu hawakulikata. Hilaria alililaza chini, akalikwaruza kidogo kwenye fundo, akalifunika udongo na kulikandamiza kwa jiwe. Ncha yake aliiacha nje. Alisema udongo huo usikauke, na mwezi wa kumi na moja tawi litakuwa na mizizi yake lenyewe. Hapo litakatwa kutoka kwa mama yake na kupandwa kwingine.

Masale yalipofunguliwa yote, jua la alasiri liliyafikia. Moja lilikuwa limekufa kweli, lilivunjika mkononi kama kijiti cha kuni. La pili lilikuwa limebaki na majani mawili. La tatu lilikuwa dhaifu, lakini kilele chake kilikuwa bado kijani.

Mama Mektrida alilishika lile lililokufa kwa muda mrefu.

"Agness," alisema, "wewe ni wa huku, unajua. Mtu akimkosea mwenzake humpelekea isale, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Ningekuletea. Lakini haya yangu hayana jani la kutoa. Basi nasema kwa mdomo. Lile neno nililokuambia, kwamba unamnyonga mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Na mimi unisamehe. Nilipaswa kuja kukuuliza mapema."

"Tusingeweza kuulizana. Tulikuwa tunafichana."

Wiki iliyofuata walisimamisha nguzo mbili za mti mkavu, hatua moja kutoka kwenye masale, upande jua linakopita. Walifunga waya mistari mitatu. Samadi ya ziada waliikwangua wakairudisha kwenye migomba. Shina la ua la asali walilifunika majani makavu ya mgomba, kwa sababu Hilaria alikuwa amesema mmea huu hupenda miguu kivulini na kichwa juani. Siku zisizo na mvua waliumwagilia mara mbili kwa wiki, maji ya kuzama chini, si ya kulowesha majani.

Sasa walikwenda pamoja. Asubuhi baada ya misa walikagua machipukizi. Lililoelekea kwenye masale walilirudisha taratibu kwenye waya, wakalifunga kwa uzi wa mgomba. Mwezi wa kumi vidukari vilijaa kwenye ncha changa, vidogo, vya kijani, vinanata. Mama Mektrida alitaka kuvipulizia dawa ya kahawa. Agness alimpigia simu Hilaria kwanza. Wakavifuta kwa maji yenye povu kidogo la sabuni, siku tatu mfululizo, vikaisha.

Wanajumuiya waliokuja kusali waliliona ua la asali wakauliza habari zake. Agness aliwaeleza yote, pamoja na makosa yake. Aliwaambia wenye watoto wadogo wawe macho, kwa sababu maua yakishaisha hutoka vijitunda vyeusi, na vijitunda hivyo vinaumiza tumbo. Mama Mektrida alikuwa anadakia kila sentensi kana kwamba ameuza miche maisha yake yote.

Ukoo ulifika siku tatu kabla ya Krismasi. Masale mawili yalikuwa yamesimama, mafupi, yana majani mapya. Pengo la isale la tatu lilionekana, na wazee waliliangalia, wakapita. Kwenye waya ua la asali lilikuwa limefika mstari wa pili. Lilikuwa na vichwa vya maua, bado vimefumba.

Mafundi walipokuja na vigae, Ronald alipima kwa hatua. Akasema ule mmea uondolewe ili mafundi wapate nafasi ya kuchanganyia saruji. Alitamka tu kama mwenye nyumba, bila ubaya. Agness alishika khanga yake kwa vidole viwili. Alijua kwamba akisema yeye, atakuwa mwanamke asiye na mtoto anayebishana na ukoo.

"Mafundi wazunguke," alisema Mama Mektrida.

"Mama, ni mmea tu."

"Huo ni wa mke wa Davis. Na yeye ni wa hapa. Nikifa mimi, bado ni wa hapa. Nimelisema mbele yenu wote ili asije mtu kuniuliza nikiwa kaburini."

Ronald aliinamisha kichwa. Mafundi walizunguka.

Padri alilibariki kaburi siku ya pili ya Krismasi. Watu walikula, wakanywa pombe ya mbege, wakaimba, kisha wakaanza kurudi walikotoka. Jioni ile nyumba ilibaki na wawili wake. Jua lilikuwa linazama wakati Agness alipotoka kuokota vikombe uani, na harufu ikamkuta njiani. Maua manne yalikuwa yamefunguka.

Hakuita. Alikwenda akasimama. Harufu ile ilimrudisha Njoro, dirishani, na Davis anavua viatu mlangoni. Alilia kwa kwikwi kama siku ya kwanza. Mtu akisema muda huponya, hajawahi kunusa kitu alichokipenda marehemu wake.

Mama Mektrida alikuja na fimbo yake. Alisimama, akavuta pumzi. Akavuta tena, akageuka upesi akautazama mmea.

"Ni haya yanayonukia hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Jumapili alipokuwa anakuja kunisalimia, shati lake lilinukia hivi."

"Kamba yetu ya nguo ilipita hapohapo juu ya maua."

Mama Mektrida alikaa ukingoni mwa kaburi, juu ya vigae vipya. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilidhani ni manukato yako, Agness. Nilikuwa na wivu. Akija namkumbatia nanusa, nasema moyoni, huyu si wangu tena. Nikawa namwachia upesi. Miaka miwili, kila Jumapili, nilimwachia upesi."

Agness alikaa karibu yake, akamshika mkono. Walikaa hapo wakinusa mpaka baridi ya mlima ikawashinda, ndipo wakasaidiana kuinuka.